Uwanja Kwanza au Ukumbi Kwanza? Ulinganisho kwa Vijiji vya Moshi na Arumeru Vinavyopanga Kituo cha Michezo na Burudani

Kijiji kinapoamua kuwa na kituo chake cha michezo na burudani, swali linalofika mapema mbele ya halmashauri ya kijiji ni hili: fedha za kwanza na nguvu za kwanza za wananchi ziende kwenye uwanja wa wazi au kwenye ukumbi? Vijana hutaka uwanja. Wazee, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, na mara nyingi viongozi wenyewe, hutaka ukumbi, kwa kuwa ukumbi unaonekana barabarani, una bati, na mgeni rasmi anaweza kuuwekea jiwe la msingi. Msimamo wangu nautaja tangu sasa ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: katika vijiji vya tambarare uwanja utangulie, na katika vijiji vya mlimani, ambako ekari mbili za ardhi ya usawa hazipatikani, vitangulie viwanja vidogo vya wavu na netiboli vyenye banda la wazi kando yake. Ukumbi wenye kuta, milango na kufuli uwe wa awamu ya pili kote kuwili.

Ardhi na mteremko

Kiwanja cha mpira wa miguu cha vipimo vinavyopendekezwa kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiongeza mita tatu za usalama kila upande, unafikia karibu mita za mraba 8,200, ambazo ni ekari mbili kamili, kabla hujaweka choo, mahali pa watazamaji wala mfereji wa kutolea maji. Sheria za mchezo zinaruhusu kiwanja kidogo zaidi, hadi mita 90 kwa 45, na kijiji hakina sababu ya kuona haya kuchagua kipimo hicho. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Cha mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, na pamoja na nafasi ya mita tatu kuzunguka kinahitaji mita 24 kwa 15 tu. Ukumbi wa mita 20 kwa 12, unaokalisha watu wapatao 200 kwenye viti, unakula mita za mraba 240, yaani karibu sehemu moja ya kumi na saba ya ekari.

Kwa kutazama namba hizo peke yake mtu angesema ukumbi ndio unaofaa mlimani, na hoja hiyo nimeisikia ikitolewa kwa nguvu. Kule Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ardhi ni kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na kihamba kimegawanywa kutoka baba kwenda kwa wana hadi kimekuwa vipande vya kupimwa kwa hatua. Isitoshe, kihamba ndimo walimozikwa wazazi, kwa hiyo familia inayoombwa kuachia kipande chake inaombwa jambo zito kuliko migomba na mibuni iliyomo. Kamati inayokwenda kuomba ekari mbili kwa njia hiyo itarudi mikono mitupu, na mara nyingi itarudi imeacha uhasama nyuma.

Hata hivyo ugumu mkubwa zaidi wa mlimani uko kwenye mteremko, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Chukua eneo linaloshuka mita moja kwa kila mita kumi, mteremko ambao mlimani huhesabiwa kuwa wa kawaida kabisa. Ukitaka kulaza hapo kiwanja cha mita 105 kwa 68, huku ule upana wa mita 68 ukifuata mteremko, ukingo wa juu utakuwa karibu mita saba juu ya ukingo wa chini, na udongo wa kuchimba upande wa juu na kujazwa upande wa chini utafika takribani mita za ujazo 6,000. Hiyo ni kazi ya buldoza na greda, na ikishakamilika inabaki na ngema ya zaidi ya mita tatu upande mmoja na tuta la udongo mlegevu upande wa pili, ambalo mvua ya masika moja isiyo na huruma inaweza kulishusha kwenye shamba la jirani. Sasa laza hapo hapo kiwanja cha wavu cha mita 24 kwa 15: tofauti ya juu na chini ni mita moja na nusu, na udongo wa kuhamisha ni mita za ujazo zisizozidi 70. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa Jumamosi kadhaa unaimaliza kazi hiyo kwa sururu, sepeto na matoroli, tuta likazuiwa kwa ukuta wa mawe ya palepale na kupandwa mabingobingo ambayo wenye ng'ombe watayakata kwa zamu. Kiwanja cha netiboli chenye nafasi yake kando kinahitaji kama mita za ujazo 200, kazi nzito zaidi lakini bado iko ndani ya uwezo wa vitongoji viwili vikishikamana.

Tambarare kuna mazingira mengine. Mabogini, Kahe na Mbuguni ardhi imelala, na ekari mbili au tatu za kijiji bado zinaweza kupatikana, lakini maji yote yaliyonyesha mlimani yanatafuta njia ya kupita huko. Udongo mweusi wa mbuga unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Uwanja unaweza kuvumilia tabia hiyo, maana nyufa za kiangazi hufukiwa na nyasi za ukoka zikapandwa upya, ila ukumbi uliojengwa juu ya udongo huo kwa msingi wa kawaida hupasuka kuta kuanzia pembe za madirisha, na msingi unaostahimili, wenye nondo na zege la kutosha, unagharimu sehemu kubwa ya fedha za jengo lote kabla tofali la kwanza la ukuta halijapangwa. Hii ni sababu yangu ya kwanza ya kutaka uwanja utangulie tambarare.

Tahadhari moja inahusu pande zote mbili. Eneo linalopendekezwa haraka mkutanoni kwa kuwa "halina mtu" mara nyingi ni kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na sheria hiyo haiangalii kama mwenye mradi ni mtu binafsi au kijiji. Mifongo nayo, mifereji ya asili inayopeleka maji vihambani, ina wenyewe na ina zamu zake. Uwanja unaoziba mfongo utakuwa na kesi kabla haujawa na magoli.

Nani atautumia, na saa ngapi

Katika vikao vingi swali hili hupitwa upesi, ilhali kwangu lina uzito kuliko bei ya saruji. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi jioni, mwaka mzima. Mtoto wa shule anatoka alasiri, anakwenda kukata majani ya ng'ombe au kuteka maji, na kijana wa shambani anaweka jembe chini yapata saa kumi. Muda wa michezo kwa siku ya kazi, kwa hiyo, ni saa mbili au mbili na nusu, na saa hizo zote zinagombewa na watu walewale mahali palepale.

Simama jioni moja kwenye uwanja wowote wa kijiji chenye uwanja mmoja uone zinavyogawanywa. Wavulana wakubwa wanaingia kwanza na kujipanga kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, au zaidi. Wadogo wanacheza nyuma ya goli kwa mpira wa makaratasi na kamba, wakikimbia kila shuti likipita juu. Wasichana watano au sita wenye mpira wa netiboli wanasimama kando karibu na mti, wakirushiana bila goli, na giza linapoanza kuingia wanaondoka kabla ya wote, kwa sababu mama zao wanawangoja jikoni na njia ya kurudi haina taa. Kijiji kitahesabu kwamba kina uwanja unaotumika kila siku, na kitakuwa kimesema kweli, lakini nusu ya vijana wake hawajaugusa.

Ukumbi unatatua sehemu ya tatizo hilo na kuleta jingine. Ndani ya ukumbi mtu anaweza kucheza mpira wa meza, bao, drafti na karata baada ya giza, kikundi cha ngoma au kwaya kinaweza kufanya mazoezi mvua ikinyesha, na wazee ambao hawatakanyaga uwanjani hata siku moja wanapata mahali pa kukaa pamoja. Mlimani, ambako mvua na ukungu vinaweza kushika wiki nzima, faida hiyo ni kubwa. Lakini ukumbi una mlango, mlango una kufuli, na ufunguo uko kwa mtu. Mtu huyo akiwa shambani au amekwenda mjini Moshi, kituo kimefungwa. Wasichana wale wa netiboli hawatamfuata mwenyekiti nyumbani kwake kuomba ufunguo.

Ndiyo maana napendekeza banda la wazi: nguzo, kenchi, bati, sakafu ya saruji, mabenchi ya zege pembeni na ukuta wa nusu mita upande unaotoka upepo na mvua. Halifungwi, haliibiwi kitu, linakalika wakati wote, na linapofika zamu ya kujenga ukumbi kamili kuta zinaweza kuongezwa kati ya nguzo zilezile kama msingi ulichimbwa kwa kuzingatia hilo tangu mwanzo. Kuta za ukumbi wa mita 20 kwa 12 wenye kimo cha mita tatu na nusu, ukiondoa milango na madirisha, zinahitaji karibu tofali 1,800 hadi 2,000 za saruji za ukubwa wa inchi 18 kwa 9, pamoja na renta, plasta, milango, nondo za madirisha na rangi. Gharama hizo zote zinaweza kusubiri. Bati haliwezi kusubiri, maana ndilo linaloleta kivuli na maji.

Maji ya bati

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 240 likipokea mvua ya milimita kumi, ambayo ni mvua ya kawaida ya jioni moja ya masika, linatoa lita 2,400, na hata ukikata moja ya tano kwa ajili ya kumwagika na kuosha vumbi la kwanza, zinabaki lita 1,900 hivi. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu.

Kwa vijiji vingi vya kuzunguka Mlima Meru jambo hili linagusa afya moja kwa moja. Maji ya chemchemi na visima vya ukanda huo yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na madhara yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto na, kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, kwenye mifupa. Ndiyo sababu pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Mtoto anayecheza jioni hunywa maji mengi kuliko anayekaa. Kituo cha michezo cha Arumeru kinachompa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kinamfanyia jema linalozidi mchezo wenyewe, na uwanja mtupu usio na paa hauwezi kulifanya. Ukumbi na banda viko sawa katika hoja hii, na banda ni rahisi zaidi.

Mapato ya ukumbi

Wanaotetea ukumbi huanza na mapato: harusi, sendofu, ubarikio, mikutano ya vikundi, ibada za makanisa yasiyo na majengo. Hoja ni ya kweli kwa sehemu. Mapato hayo kwa vijiji vya Uchagani hujaa Desemba, wakati wana wa kijiji wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, na miezi mingi inayofuata ukumbi hukaa kimya huku mchwa, popo na mvua vikiendelea na kazi. Kijiji kilicho karibu na mji kitashindana pia na kumbi binafsi zenye mapambo, muziki na maegesho. Anayepanga kwa kutegemea mapato ya ukumbi aandike mapato ya kila mwezi katika safu moja na matumizi ya kila mwezi katika safu ya pili, mlinzi, umeme, maji, ukarabati, na aone kama Agosti inajilipa.

Kuna hatari nyingine inayoniuma zaidi. Ukumbi unaokodishwa Jumamosi na Jumapili unawafungia nje wale uliojengwa kwa ajili yao katika siku hasa walizo nazo. Viti vinapangwa Ijumaa, vinaondolewa Jumatatu, na vijana wanaambiwa wasubiri. Taratibu kituo cha burudani cha wananchi kinageuka kuwa biashara ya kijiji, na hakuna kikao kilichowahi kukaa na kuamua hivyo. Iwapo ukumbi utajengwa, sheria ndogo za kijiji ziweke idadi ya juu ya siku za kukodisha kwa mwezi, na saa za vijana zisiuzike.

Uwanja hauna mapato ya kujivunia. Kiingilio cha mechi za kombe la diwani au bonanza la sikukuu kinanunua chokaa na nyavu. Matunzo yake lakini ni madogo: kufyeka, kuzibua mfereji, kufukia mashimo mbele ya magoli, kuzuia ng'ombe wakati wa mvua.

Ardhi ya shule: njia ya tatu

Watu wengi husema, kwa nini tuhangaike, shule ina uwanja. Ni pendekezo la heshima na mara nyingi ndilo la bei nafuu, hasa kwa kuwa shule inauhitaji uwanja bora kwa ajili ya maandalizi ya UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na ya sekondari, na walimu wa michezo wapo. Nalinganisha hivi: uwanja wa shule unapatikana leo, uwanja wa kijiji unapatikana baada ya vikao, lakini uwanja wa shule unaweza kupotea kesho. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 wanafunzi wameongezeka, na mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mkupuo nchini kote. Madarasa ni ya lazima na hakuna mzazi wa kuyapinga, lakini yanataka mahali, na mahali panapoonekana patupu shuleni ni uwanjani.

Kijiji kikichagua njia hii kisiishie kwenye maelewano ya mdomo kati ya mwenyekiti na mwalimu mkuu, kwa sababu wote wawili watahama au kumaliza muda wao. Yawepo makubaliano ya maandishi kati ya halmashauri ya kijiji na kamati ya shule, halmashauri ya wilaya ikiyajua, yakitaja saa za wananchi, anayetengeneza goli likivunjika, choo kipi kitumike, na mipaka ya uwanja iliyopimwa na kuchorwa.

Ardhi ya kijiji nayo ina taratibu zake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji kama mdhamini, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Eneo la kituo litajwe kwa mipaka katika muhtasari wa mkutano huo, kisha liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama ardhi ya matumizi ya pamoja. Eneo lisiloandikwa popote litakuwa la mwekezaji, la mnara wa simu au la ofisi mpya, kila mmoja akiwa na barua yake halali.

Yanayopaswa kuwa kwenye mchoro wowote utakaochaguliwa

Magoli yatazame kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Katikati ya uwanja pawe juu kuliko kando: kwa upana wa mita 68, kimo cha sentimita 34 katikati kinatosha maji kutiririka pande zote mbili. Vyoo vya wasichana vitenganishwe na vya wavulana, viwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na visijengwe kwenye kona ya mbali yenye vichaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na kwa sakafu iliyoinuliwa sentimita 45 maana yake ni njia ya mteremko ya urefu usiopungua mita 5.4, kwa uwiano wa moja kwa kumi na mbili. Fundi akiacha mita mbili tu, mwenye kiti cha magurudumu hatapanda bila kubebwa. Netiboli na wavu viwe na magoli na nguzo zake za kudumu, nje kabisa ya mistari ya mpira wa miguu, hata kama itabidi uwanja mkubwa upunguzwe mita kumi.

Uwanja wa watu 30,000 unaojengwa Olmoti, Arusha, kwa ajili ya AFCON 2027 umeamsha hamu ya viwanja hata vijijini, na ni hamu njema. Isiwasukume wajumbe kuanza na jukwaa la wageni.

Kwa ratiba, michango ya hiari ichangishwe Desemba wana wa kijiji wakiwa nyumbani, mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na udongo ukatwe na kushindiliwa Januari na Februari kabla masika haijaanza Machi. Ukoka upandwe mvua za kwanza zikianguka, na uwanja ufungwe kwa michezo hadi nyasi zishike. Banda lifuate Juni, mvua zikikatika, paa likamilike na simtanki liwekwe kabla ya vuli.